Wageni Waliozima Moto Usenge

Nilitoka Kisumu Jumatatu moja ya kiangazi kwa sababu ya kikohozi cha dada yangu, ingawa pale Kondele niliwaambia watu kwamba nimekodiwa na madaktari. Yote mawili ni kweli. Mnaonijua mnajua kwamba gari langu kubwa halishikwi na dereva mwingine nikiwa hai, na mnajua nilivyolipata. Mimi Odongo niliacha shule darasa la sita. Nilisukuma mkokoteni sokoni Kibuye mpaka viganja vikawa kama soli ya kiatu. Leo nina pikapu tatu, gari hilo moja la safari, na duka la spea ambalo hata mafundi wa Kakamega wanalifuata. Sikusaidiwa na mtu. Nilikuwa nikilisema hilo kila mahali, hata matangani.

Dada yangu Konsolata ananizidi miaka minane. Kazi yake tangu usichana ni kubanika samaki wa mbuta pale Usenge kando ya ziwa, yaani kuwakausha kwa moshi ndani ya kibanda cha mabati ambacho mlango wake ni mmoja na dirisha hakina. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita akikohoa. Kila nikimwambia ni moshi, alinicheka.

"Omera, ndugu yangu, ni baridi ya ziwa hii," alikuwa akisema. "Moshi uliokulea wewe ndio leo uniue mimi? Siku mashine ya daktari itasema ni moshi, hiyo siku nitaacha. Kabla ya hapo usiniletee maneno ya gereji."

Nami nilicheka, nikapita. Neno la mashine ndilo nililolishika.

Basi Daktari Zuhura alipokuja dukani kutafuta gari la kumfikisha Usenge, niliona Mungu amenifungulia. Ni mama wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Kaloleni hapa hapa Kisumu, anavaa mtandio mweupe na kusema pole pole. Alinieleza kwamba wanataka kujua kama moshi wa samaki unaharibu mapafu ya akina mama. Watawafuata wanaobanika, na pia wanaoanika omena, wale dagaa wadogo, juani, bichi ile ile, umri ule ule, kwa muda mrefu.

"Na dawa mtawapa gani?" nikamuuliza.

"Kwa utafiti huu hatuwapi dawa, Mzee. Hatubadilishi kazi zao. Tunapima na kuangalia."

"Mnaangalia tu?" Nilicheka mpaka wateja wakageuka. "Daktari mzima, na shahada zako, unaenda kumwangalia mtu akikohoa?"

Hakukasirika. Alisema kitu kimoja tu, na alikirudia mara mbili: mwenyekiti wa bichi ameshaarifiwa, akina mama wameshakubali kwa sahihi zao, na ombi lake ni kwamba siku hiyo kila mtu afanye kazi kama siku zote. Nikaitikia. Halafu Jumapili, baada ya kanisa, nikampigia dada yangu simu.

"Kesho naleta wageni wakubwa," nilimwambia. "Jipangeni. Msiniaibishe."

Hiyo ndiyo simu iliyoharibu safari. Nyinyi mnaosoma jueni mapema, kwa sababu mimi nilikuja kujua kwa kuchelewa.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumeshapakia. Sanduku moja lilikuwa na vimashine vya kupima moshi hewani, vidogo kama redio ya mfukoni, vya kuvaliwa kifuani mchana na usiku. Jingine lilikuwa na mashine ya kupuliza, inayoonyesha mapafu yana nguvu gani. Mtu wa tatu garini alikuwa nesi Kamau. Wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka la nguo mjini Kisumu, yeye akazaliwa hapa, na Kijaluo chake kinanishinda hata mimi kwa matusi.

Kisian tulikata kushoto, ziwa likabaki upande ule ule wa kushoto, mara linaonekana, mara linafichwa na mahindi. Nilikuwa naendesha na kuhadithia. Niliwaambia habari ya mkokoteni, ya mvua iliyoninyeshea Kibuye, ya gari la kwanza ambalo nililifufua mwenyewe bila fundi.

Kombewa tulisimama kunywa chai. Swali moja lilikuwa linaniwasha, nikalitoa.

"Daktari, dada yangu anaumwa, huyo mpimeni. Lakini huyo Rosa jirani yake, muanika omena, ana mapafu ya ng'ombe. Huyo mnampima ya nini?"

"Bila Rosa siwezi kumsoma dada yako," alisema. "Nikipima wanaobanika peke yao na wote wakawa wanakohoa, nitajuaje kwamba bichi nzima haikohoi? Pengine ni baridi ya ziwa kama anavyosema yeye. Pengine ni umri, pengine ni kuni za kupikia nyumbani. Rosa ana umri huo, anakunywa maji hayo, anapikia kuni hizo. Kinachowatenganisha zaidi ni kile kibanda."

Nilielewa, lakini sikutaka ionekane nimeelewa haraka. Nikarudi kwenye mkokoteni.

Ndori, mahali tuliposubiri ng'ombe wavuke barabara, Daktari Zuhura aliniuliza kwa sauti ile ile ya pole pole: "Mzee Odongo, pale Kibuye mlikuwa wangapi mkisukuma?"

"Watano wa kundi letu."

"Na hao wanne walikuwa wavivu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikamkumbuka Ouma, aliyekuwa akifika sokoni kabla yangu kila siku, na ambaye nimemwona juzi bado anasukuma. "Hapana," nikasema. "Hawakuwa wavivu."

"Basi ni nini kilichowatenganisha na wewe?"

"Akili," nikamjibu, nikapiga honi ng'ombe waondoke. Kamau alikohoa kicheko. Bondo tulijaza mafuta na kununua mikate ya kupeleka.

Saa tano na nusu tuliingia Usenge. Kilima cha Got Usenge kilikuwa kimesimama juu ya bichi na jua limekishika. Mashua zilikuwa zimevutwa mchangani, omena zimeanikwa juu ya nyavu kuukuu, wanawake wanazigeuza kwa mifagio. Nilipotazama upande wa vibanda vya kubanika, moyo wangu ulijaa fahari. Palikuwa pamefagiwa. Milango ilikuwa wazi. Akina mama walikuwa wamevaa leso mpya na nguo za kanisani, na dada yangu mbele yao, mwembamba kuliko nilivyomwacha, anashika mikono ya wageni kwa mikono miwili.

"Wendo, karibuni! Wageni wa ndugu yangu ni wageni wa bichi nzima."

Hapakuwa na moshi hata wa sigara. Sikushangaa, maana kwetu mgeni wa heshima haketishwi penye moshi. Ukimwacha machozi yamtoke na nguo zinuke, umemwambia hukumtarajia. Kwa hiyo tanuri linazimwa kabla hajafika, na haliwashwi mpaka ameshika barabara ya kurudi. Mimi nimekulia humo, na jambo ulilokulia hulioni.

Alasiri ile akina mama walivishwa vimashine kifuani, kisha wakapuliza. Rosa alitangulia. Ni mnene, mcheshi, yeye na Konsolata walibatizwa siku moja. Alivuta pumzi, akapuliza, na pumzi ile ikaenda, ikaenda, Kamau akimhimiza kwa Kijaluo kama shabiki wa mpira.

"Nipeni na pikipiki niijaze upepo," Rosa akasema, watu wakacheka.

Kisha dada yangu akakaa. Alipuliza, na pumzi ikakatika mara moja kama uzi uliooza. Kamau akasema, "Jaribu tena, Mama." Akajaribu mara tatu. Baada ya mara ya tatu alishika kiti, akakohoa kwa muda ambao sikujua nitazame wapi. Hakuna aliyecheka.

Daktari Zuhura alimwandikia papo hapo barua ya kwenda hospitali Kisumu. Alinitazama mimi wakati anaipiga muhuri. "Kuangalia si kumtelekeza mtu, Mzee," alisema. Konsolata aliipokea kwa heshima. Jioni niliiona jikoni kwake, amefungia chumvi.

Jumanne asubuhi Kamau alikusanya vimashine, akavifungua kwenye kompyuta chini ya paa la ofisi ya bichi. Daktari aliangalia muda mrefu. Aliita jina la Konsolata, halafu la mbanikaji wa kibanda cha pili, halafu la mwingine.

"Mapafu yamechoka, lakini hewa ni safi," alisema. "Hewa yao ni safi kuliko ya mjini. Hii haielekei."

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo kama hivi ndivyo wanavyoishi, karatasi itasema kwamba kinachowaumiza si moshi. Tutafute kwingine."

Nilitoka nje. Dada yangu alikuwa amesimama pale pale mlangoni, leso yake mpya begani, anasubiri.

"Omera, mashine imesema nini?"

Jamani, nimesimama mbele ya majambazi Kibuye na sikukimbia. Pale nilitaka kukimbia. Mwanamke huyu aliahidi kuacha tanuri siku mashine itakaposema. Sasa mashine ilikuwa karibu kumwambia arudi ndani, akae, afe, na aliyeifundisha mashine uongo huo ni mimi, kwa simu ya dakika moja, ili nionekane mkubwa.

"Bado inasoma," nilimwambia. Nikarudi ndani, nikafunga mlango.

"Daktari, mimi ndiye niliyezima moto."

Nikawaeleza yote: simu, usiniaibishe, desturi ya tanuri. Sikuwa nimewahi kukiri kosa mbele ya watu niliowabeba kwenye gari langu. Kamau aliweka kalamu chini.

"Yaani tumepima hewa ya sherehe," alisema.

Daktari Zuhura alifumba macho kidogo. "Si wewe peke yako," alisema mwishoni. "Niliwaambia fanyeni kazi kama kawaida, nikadhani inatosha. Sikuuliza kawaida yao ni ipi mgeni akiwapo."

"Basi limekwisha. Naenda sasa hivi niwaambie wawashe."

"Hapana, Mzee."

"Kwa nini? Dakika tano tu!"

"Ukiwaambia wawashe, watawasha kwa ajili yako. Wataweka kuni nyingi wakupendeze. Hiyo nayo si siku yao. Ile ya jana niliiharibu kwa kutokujua. Hii nitaiharibu kwa makusudi."

"Kwa hiyo hatuwaambii wazime, na hatuwaambii wawashe?"

"Tutawaambia ukweli tu, kwamba tunakaa, na kwamba sisi si wageni. Halafu tunawarudishia vimashine, tunaangalia."

Jumatano na Alhamisi zilikuwa siku ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa bila kazi. Daktari aliomba tusile tena kwa dada yangu. Tulinunua ugali wetu kwenye kibanda cha chakula, tukachota maji yetu, tukafua nguo zetu ziwani kama watu wengine. Kamau alijifunza kugeuza omena, Rosa akamtukana kwamba anazigeuza kama mtu anayeogopa kuziamsha. Daktari alikaa juu ya boya la zamani na daftari lake, watoto wakamzoea, mbuzi wakamzoea. Mimi nilikaa kwenye kivuli cha gari langu.

Na vibanda vilibaki baridi. Mbuta waliofika Jumatano akina mama waliwauza wabichi kwa hasara, na wa Alhamisi wengine waliharibika. Niliwaona wakiwatupia ndege. Hasara ile waliibeba kwa ajili ya heshima yangu, na hakuna hata mmoja aliyenilaumu. Walinisalimia, "Jaduong', mzee wetu, umelalaje?" Kila salamu ilinichoma.

Ijumaa asubuhi, mashua zimetoka kuingia, Konsolata alinijia. Leso mpya hakuwa nayo tena. Alikuwa na lile gauni lake la kazi, jeusi kwa masizi.

"Omera, wageni wako wanaenda lini?"

Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema: washa, dada, washa. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikayameza.

"Hawaendi," nikasema.

"Hawaendi?"

"Hawaendi, dada."

Alitazama boya ambalo Daktari Zuhura alikuwa amelikalia, mtandio wake mweupe umeshika vumbi. Alimtazama Kamau, suruali imekunjwa mpaka magoti, anabishana na Rosa. Alishusha pumzi, ile fupi yake.

"Basi watakohoa na wao," alisema. "Samaki wangu hawaozi tena."

Akaenda akawasha.

Sikuwahi kukaa mlangoni mwa kibanda kile tangu nilipokuwa mtoto. Siku ile nilikaa, hatua kumi mbali, mahali Daktari aliponionyesha. Kwanza moshi ulitoka kidogo kwenye upenyo wa mabati, wa buluu. Kisha ukawa mzito, ukajaza mlango, na ndani yake nikamwona dada yangu kama kivuli, anainama, anageuza samaki, anainama tena. Kimashine kilikuwa kifuani kwake na amekisahau. Alikohoa. Alishika nguzo, akakohoa, akafuta macho kwa kiwiko, akaendelea kugeuza. Kibanda kwa kibanda moshi ulisimama juu ya bichi, na kutoka kila kibanda nilisikia kikohozi hicho hicho, kila mmoja na sauti yake. Upande wa pili, kwenye nyavu, wanawake wa omena walikuwa wanaimba.

Mara mbili niliinuka. Mimi ni mtu wa kushika spana. Kitu kikiharibika mbele yangu mkono unaenda wenyewe. Ningeweza kulibomoa tanuri lile kwa dakika kumi. Mara mbili nilikaa chini, nikaweka mikono chini ya mapaja. Nilikuwa nimemcheka daktari kwamba anaangalia tu. Sikujua kwamba kuangalia ni kazi, na kwamba inauma hivyo.

Ndipo nikakumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimetoroka shule, na yeye alitoka ndani ya mlango ule ule, macho mekundu, akanikabidhi noti zilizonuka moshi. "Nenda Kisumu ununue kitu chenye magurudumu," aliniambia. Ouma alikodi mkokoteni wake kila siku, mpaka leo anakodi. Mimi wangu ulikuwa wangu tangu siku ya kwanza. Miaka yote nimeuhadithia mkokoteni, sijawahi kuhadithia ulikotoka.

Jumamosi vimashine vilisomwa. Daktari alitikisa kichwa na kuandika. Konsolata alikuja na Rosa, wakasimama mbele ya meza.

"Sasa imesema?" dada yangu akauliza.

"Imesema hewa ya kibandani mwako ni mbaya sana, Mama," Daktari alimjibu. "Lakini kwamba ndiyo iliyokuumiza, bado siwezi kukuapia. Wewe na Rosa ni watu wawili. Nahitaji wengi, na bichi nyingine, na miaka. Nikikuambia leo nimejua, nitakuwa nakudanganya."

Konsolata alimgeukia Rosa, akamtazama kifua, kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa.

"Tulibatizwa siku moja," alisema. "Wewe daktari unahitaji wengi, ni sawa, wewe unaandikia dunia. Mimi najiandikia mwenyewe. Huyu mmoja ananitosha."

"Kwani mimi ni kipimo?" Rosa akasema, lakini macho yake yalikuwa na maji. "Haya, njoo kwenye nyavu. Utanuka omena, wanaume watakukimbia."

"Wameshakimbia," dada yangu akasema.

Nilimvuta Daktari pembeni. Niliogopa. "Akiacha tanuri, si ameharibu utafiti?"

"Hajaharibu kitu. Ni maisha yake. Tutaandika siku aliyoacha, na tutamfuata hivyo hivyo. Na wewe ukitaka kumjengea banda la wazi, jenga. Niambie tu ulilojenga na lini."

Jumapili tulirudi. Sikumwacha dada yangu apande nyuma, alikaa mbele, kando yangu. Mkononi alikuwa na barua ya hospitali. Aliikunjua, akaikung'uta dirishani, chumvi ikamwagika barabarani, akaikunja tena vizuri. Kabla ya Bondo alikuwa amelala.

Ndori hapakuwa na ng'ombe, lakini nilipunguza mwendo. "Daktari," nikasema, "lile swali lako. Wale wanne hawakuwa na dada mwenye tanuri."

Kwenye kioo nilimwona akiinamisha kichwa. Hakuliandika.

Niliyojifunza safari ile ni machache, nami nawapa jinsi nilivyoyapata. Ukitaka kuujua ugonjwa, muulize na mzima anayeishi kando yake. Ukitaka kuona nyumba ya mtu ilivyo, kaa mpaka achoke kukuheshimu. Na mtu akikuambia amejiinua mwenyewe, mwulize waliobaki chini walikosa nini. Mimi ndiye nawaambia, Odongo wa spea, na wa Kibuye wanaweza kunikumbusha nikisahau.

Kisian ziwa lilitokea tena, safari hii upande wa kulia. Kamau aliegemea mbele.

"Jaduong', leo hujatupa habari ya mkokoteni. Unaumwa?"

Dada yangu alikuwa amelaza kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo, kifua kinapanda kwa shida na kushuka. Nilikuwa nimezima redio na kufunga madirisha ili nikisikie.

"Siumwi," nikamwambia. "Naangalia."